Hizi filamu za vita na viumbe wa sayari nyingine zinatufanya wajinga

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Hapa Mtwara, kuanzia kwenye vibanda umiza hadi kwa wale wanaojihesabu kuwa wajuzi wa mambo, kila ninayekutana naye ananiambia kwamba filamu mpya ya uvamizi kutoka anga za mbali "imefanyiwa utafiti wa kutosha", na kwamba siku vita hiyo ikitokea itakuwa vilevile tulivyoonyeshwa. Sitaitaja filamu yenyewe, kwa kuwa malalamiko yangu hayahusu filamu moja. Yanahusu mtindo mzima wa kuonyesha vita ambavyo haviwezekani, kisha mtazamaji akaaminishwa kuwa ameona sayansi.

Mambo madogo nimeyasamehe zamani. Milipuko inayonguruma mahali pasipo na hewa ya kubeba sauti, vyombo vinavyojiinamisha ubavu wakati wa kukata kona kana kwamba vina hewa ya kuegemea, miale ya leza inayoonekana kwa rangi nyekundu na kijani huku hakuna vumbi wala moshi wa kuiakisi, yote hayo nayaacha yapite, kwa sababu watazamaji wanahitaji kusikia na kuona kitu. Nisichoweza kukiacha kipite ni joto, kwa kuwa joto ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi.

Aliyewahi kupitisha mkono nyuma ya friji anajua kwamba pale pana moto. Friji haiui joto, inalitoa ndani na kulitupa nje, na hewa ya chumbani ndiyo inayolichukua. Mteja akiisukuma friji yake hadi ikabana ukutani, au akiacha vumbi lijae kwenye kondensa, kompresa itanguruma mchana kutwa bila kupumzika, samaki wataoza, na mimi nitapigiwa simu ya lawama. Hayo yanatokea hapa chini, kwenye hewa tele na upepo wa bahari. Kule juu hakuna hewa kabisa, kwa hiyo joto haliwezi kuondoka isipokuwa kwa njia ya miale pekee, na njia hiyo inahitaji eneo kubwa. Ndiyo maana Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka Dunia kwenye urefu wa kilomita 400 hivi, kimetandaza nje yake mabapa makubwa meupe ambayo ndani yake inazungushwa amonia, ileile tunayoijua sisi mafundi kutoka kwenye mitambo ya barafu, ili watu wachache waliomo pamoja na vifaa vyao wasiive.

Sasa nionyesheni mabapa hayo kwenye meli mama ya filamu yoyote kati ya hizo mnazozisifia. Chombo kikubwa kuliko mji wa Lindi kinafyatua silaha kutwa nzima, mitambo yake inatoa nguvu ya kuyeyusha majengo, lakini ngozi yake ni laini, nyeusi na baridi, bila hata sehemu moja ya kutolea joto. Kiuhalisia, waliomo ndani wangekuwa wameshapikwa kabla adui hajajibu mapigo.

Jambo hilohilo la joto linavunja pia hadithi ya kutokea ghafla. Katika filamu hizi watu huamka asubuhi na kukuta meli imeshatanda juu ya jiji (jiji la Marekani, bila shaka, kwa sababu inaelekea hakuna kiumbe anayeijua njia ya kuja Kilwa). Anga ni baridi ya karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, na kitu chochote chenye injini kinang'aa ndani yake kwa miale ya joto ambayo darubini zinaiona. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na redio yake ina nguvu kama ya balbu ya ndani ya friji, lakini bado tunaisikia. Halafu niambiwe kwamba meli yenye ukubwa wa wilaya imekuja, imefunga breki kwa moto wa injini, ikafika mlangoni bila mtu kuiona!

Hapo kwenye kuja ndipo penye kiini cha lalamiko langu. Nyota iliyo jirani yetu zaidi baada ya Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka 4.24 ya nuru, yaani mwanga wenyewe unatumia zaidi ya miaka minne kutoka kule hadi hapa. Voyager 1 inakwenda takribani kilomita 17 kwa sekunde, na kama ingeelekezwa huko ingehitaji zaidi ya miaka 70,000. Mtu anayetaka kufika katika muda wa maisha ya mwanadamu lazima aikaribie angalau moja ya kumi ya kasi ya mwanga, yaani kilomita 30,000 kwa sekunde, na hata hivyo atakaa njiani zaidi ya miaka 40. Kwa kasi hiyo, kilo moja tu ya chuma, bila baruti wala kifyatuzi, inabeba nishati inayokaribia mara saba ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Kwa maneno mengine, aliyeweza kuja hana haja ya silaha nyingine, kwa sababu mwendo wenyewe ni silaha. Hana haja ya kushusha askari wa miguu wenye mavazi ya chuma wapite mtaa kwa mtaa wakipigwa bastola na baba wa familia.

Wala si lazima afikie kasi hiyo. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la takribani mita 20 lililipuka angani juu ya Chelyabinsk nchini Urusi, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Hakuna aliyekuwa ameliona likija, kwa kuwa lilitokea upande wa Jua na lilikuwa jiwe la kawaida lisilo na injini. Mwenye uwezo wa kusukuma mawe makubwa zaidi ya hilo anaweza kumaliza vita bila kutia mguu hapa.

Mkitaka kujua vita vya watu wenye tofauti kubwa ya silaha vinakwendaje, hamhitaji Hollywood. Tulio Kusini tunayo habari hiyo nyumbani. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, mwaka 1905, na tofauti kati ya Wajerumani na babu zetu haikuwa ya nyota na nyota. Wote walikuwa binadamu, wote waliijua bunduki, wote walivuta hewa ileile. Kilichopungua upande mmoja kilikuwa bunduki ya rashasha na risasi za kutosha. Pamoja na hayo, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, na bunduki mbili za rashasha zikawafyeka. Ushujaa haukukosekana pale. Na wapiganaji walipobadili mbinu wakaanza kuvizia porini, jambo ambalo filamu huligeuza kuwa mlango wa ushindi, Wajerumani walichoma mashamba na maghala, wakaacha njaa ifanye kazi. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa walifika 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi.

Hiyo ni tofauti ya miongo michache ya ufundi wa silaha. Filamu zinachukua tofauti ya maelfu ya miaka, kisha zinaiziba kwa rubani mmoja mwenye hasira na kombora moja lililoingia kwenye tundu ambalo maadui walisahau kulifunika. Kwangu mimi huo si uzembe wa kisayansi tu, ni dharau kwa kila mtu ambaye ukoo wake ulikutana na silaha iliyouzidi.

Sababu za uvamizi nazo ni kichekesho. Eti wamefuata maji, wakati wanasayansi wanakadiria kuwa Europa, mwezi wa Mshtarii, una maji zaidi ya bahari zetu zote chini ya barafu yake, na hakuna mtu wa kuwazuia kuyachota. Na zile zinazomalizia kwa wavamizi kuuawa na vijidudu vyetu ziangalie ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho: unamaliza maua ya mikorosho kila msimu, lakini haujamlaza kitandani mkulima hata mmoja wa Newala, ingawa mtu na mkorosho ni viumbe wa sayari moja.

Najua mtanijibu kwamba ni filamu tu na tunajiburudisha. Mngeishia hapo nisingekuwa na neno, kwa maana hata mimi hulipa kiingilio na kukaa hadi mwisho. Ninachokataa ni kuuziwa burudani hiyo kwa jina la uhalisia, kisha anayehoji aambiwe hana elimu ya kuelewa. Kwa hiyo atakayekuja kuzitetea asinitajie ubora wa picha wala bajeti ya dola. Anieleze joto la meli ile linatoka nje kupitia wapi, kisha anieleze kwa nini kiumbe aliyevuka miaka minne ya nuru akubali kusimama ndani ya masafa ya bunduki zetu.