Mjadala: Hela ya magazeti ya kila siku ihamie kwenye majarida madogo?

Mkazi wa Pasua
Wakuu, hodi. Chumba cha kusomea cha mtaa, hapahapa Moshi, kina hela ya magazeti mawili kwa siku. Kuna hoja ya kuyaacha. Ukurasa wa mbele kiongozi kasema, wa nyuma Simba na Yanga, na yote watu wameshayasoma kwenye simu kabla ya chai. Hela hiyo itumike kuchapa majarida ambayo wengi hawayajui. Naanza na haya: Mkulima Mbunifu (kilimo hai, Kiswahili, lipo tangu 2011, PDF yake bure), Fema la vijana, Tanzanian Affairs linalotolewa Uingereza mara tatu kwa mwaka, na The Continent linaloingia WhatsApp kila Jumamosi. Ongezeni. Ila yawe ya maana jamani, tusirudi enzi za lile gazeti la Sani na vibonzo vyake.

Kibosho Juu
Magazeti yabaki. Matangazo ya zabuni, minada, nafasi za kazi na mirathi utayapata kwenye jarida gani? Tangazo la mirathi likipita hukuliona, siku za kuweka pingamizi zikaisha, utamlilia nani?

Chalii wa Kaloleni
Mkazi, ulikuwa unaenda vizuri mpaka sentensi ya mwisho. "Enzi za Sani" maana yake nini? Kuna watu walijifunza kusoma kwa kumfukuzia Ndumilakuwili, mhusika wa vibonzo vyake, toleo hadi toleo. Na mwenzake Lodi Lofa, bwana mkubwa asiye na senti: maneno mawili na mhusika mzima umeshamwona. Nitajie tahariri moja ya mwaka huu yenye ufupi huo.

Mwl. wa Njoro
Vibonzo ni kutazama, si kusoma. Hayo magazeti ya miaka ya 70 ndiyo yaliyotuletea kizazi kisichomaliza aya moja.

Chalii wa Kaloleni
Mwalimu, shikamoo, lakini hapo umeteleza. Sani ni la 1984, na jina ni la waanzilishi wenyewe: Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, SA na NI. La miaka ya 70 unalolifikiria pengine ni Film Tanzania la Katalambulla, hadithi za picha. Unahukumu kitu hata umri wake huujui?

Mwl. wa Njoro
Marahaba. Mwaka haubadilishi hoja. Kisanduku kimoja cha kibonzo kina maneno sita ndani ya kiputo cha usemi. Huo si mtaala wa kusoma.

Binti wa Usa River
Mwalimu, basi na jarida la Si Mchezo! ulitupe. Lilitengenezwa makusudi kwa vijana wa vijijini wasiosoma sana: sentensi fupi, hadithi za picha, na mada nzito kama ukimwi na mimba. Walionyesha kwanza nani anaongea na nani, maelezo yakafuata. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuandika kurasa nne za "wadau wamehimizwa".

Mwl. wa Njoro
Dada, hilo na Fema ni hela ya Waswidi. Jarida linalolipiwa na mfadhili ni tangazo lenye kurasa nyingi.

Binti wa Usa River
Na gazeti linalolipiwa na matangazo ya benki ni nini, Agano Jipya?

Mzee wa Bomambuzi
Vijana, punguzeni moto. "Hela ya nani" ni swali la zamani. Mambo Leo la 1923 lilikuwa la serikali ya mkoloni, na humohumo Shaaban Robert alichapisha mashairi yake. Komkya, lililochapwa hapa Moshi miaka ya 1950, lilikuwa la Baraza la Wachagga, na hakuna aliyetarajia limseme vibaya Mangi Mkuu. Kubwa kuliko yote ni Transition, jarida la fasihi na siasa. Rajat Neogy alilianzisha Kampala 1961, na 1967 ikafichuka kuwa shirika lililokuwa likilifadhili, Congress for Cultural Freedom, lilikuwa linapewa hela na CIA. Mwaka uliofuata serikali ya Obote, rais wa Uganda, ikamtia Neogy ndani. Sasa niambieni, alikuwa kibaraka wa nani? Makala zile zinasomeka mpaka leo. Zipo JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, ukifungua akaunti binafsi ya bure unasoma makala 100 kwa siku 30, kusoma palepale lakini, si kupakua.

Mwl. wa Njoro
Mzee, hapo umenisaidia mimi. Jarida la Cheche la wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halikuwa na CIA wala Mswidi. Lilianza 1969, likapigwa marufuku 1970.

Mzee wa Bomambuzi
Ndiyo. Mwaka mmoja. Hesabu hiyo ifanye vizuri kabla ya kuishangilia.

Mchapaji wa Ngarenaro
Naona mnabishana nani analipa, wakati hela ya Mkazi itaungulia kwenye mashine. Toleo la kurasa 8 ukilitoa kama lilivyo kwenye A4, unapata karatasi za kubana pini pembeni, na baada ya wiki ya kwanza karatasi ya juu imeng'oka. Lifanye kijitabu. Karatasi mbili za A3, kila moja inakunjwa katikati. Ya nje ina ukurasa wa 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili. Ya ndani ina 6 na 3, kisha 4 na 5. Printa ikikuuliza, chagua kugeuza kwa ukingo mfupi. Ukichagua mrefu, upande wa pili unatoka kichwa chini, na hilo ndilo kosa linalokula karatasi nyingi kuliko mengine yote. Steshenari isiyo na A3 itakushawishi utumie A4. Kubali ukitaka, lakini maandishi yanabaki kama asilimia 70: herufi ya pointi 10 inakuwa 7, na wazee hawaisomi jioni.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Zikiwa 10, utakuwa na 12, mbili tupu. Weka hapo kalenda ya mtaa.

Chalii wa Kaloleni
Mchapaji, na vibonzo vikipunguzwa hadi 70 vinasomeka?

Mchapaji wa Ngarenaro
Mistari inasomeka. Maneno ya kwenye kiputo hayasomeki, hasa yakiwa ya mkono. Hapo mwalimu atakuwa amepata anachokitaka: kutazama tu.

Mwl. wa Njoro
😂 Nimelipokea.

Binti wa Usa River
Kitu kingine. Nusu ya orodha ya Mkazi ni Kiingereza. The Continent ni zuri, limepangwa lisomeke kwenye kioo cha simu, habari moja ukurasa mmoja. Lakini ukilichapa kwa ajili ya Pasua, utampa nani?

Mkazi wa Pasua
Watoto wa kidato cha tatu na kuendelea. Au tuwaambie wasubiri tafsiri?

Binti wa Usa River
Sijasema wasubiri. Nimesema asilimia kubwa ya wanaokaa kwenye viti vile ni mafundi na kina mama wa sokoni. Mkulima Mbunifu linawajibu moja kwa moja: mboji, wadudu wa mboga, kuku wa kienyeji. Wekeni nakala tatu za hilo kabla ya moja ya lile.

Mzee wa Bomambuzi
Ongezeni na Tanganyika Notes and Records, jarida la utafiti lililoanza 1936. Namba 64 ya 1965 yote ni Kilimanjaro. Ni Kiingereza, Binti unisamehe, lakini mwanafunzi wa Moshi asiyelijua ananyimwa mlima wake mwenyewe.

Mkazi wa Pasua
Hilo nalo lifanywe kijitabu?

Mchapaji wa Ngarenaro
Hapana. Hilo ni kitabu kizima. Ukikunja karatasi nyingi pamoja, kurasa za katikati zinachungulia nje, na ukizikata zilingane unakata maandishi. Ligawe makala kwa makala. Na stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, ina mkono mfupi. Ukikosa ya mkono mrefu, ifungue, laza kijitabu juu ya boksi laini, piga pini mbili zipenye, halafu kunja miguu yake kwa mkono kwa ndani. Usiviweke dirishani, karatasi ya gazeti ikipigwa jua inakuwa ya njano upesi kuliko karatasi ya printa ya gramu 80.

Kibosho Juu
Mmefika kwenye pini. La mirathi hakuna aliyelijibu.

Mkazi wa Pasua
Tutabakiza gazeti moja basi.

Kibosho Juu
Lipi? Tangazo haliji kwenye yote.

Chalii wa Kaloleni
Ndugu zangu, kabla hamjaanza hilo: kuna mwenye Sani ya miaka ya 80, hata yenye jalada lililochanika? Skani tu, kurasa zote, na A3 nalipia mimi.