Simu ndiyo duka langu, na ndiyo inayokula siku yangu. Nifanyeje?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Huwa nasoma tu hapa bila kuandika, lakini leo jambo limenifika shingoni.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda upande wa Kibuye, cherehani ya kushona na ya oveloki. Nashona sare za shule, na nguo za kitenge za harusi na za matanga. Wiki mbili zilizopita mteja aliniletea kitenge yadi sita, amekitoa Busia mwenyewe, cha kuvaa siku ya mahari ya dada yake. Nikakitandaza, nikachora kwa chaki, nikashika mkasi. Simu ikatetemeka mezani. Nikaangalia: mtu amerusha video kwenye grupu ya chama, mbuzi amepanda juu ya tuktuk. Nikarudi kwenye kitambaa, nikakata mkono wa kwanza. Ikatetemeka tena, nikaangalia tena, nikarudi nikakata wa pili. Nilipokuja kuunganisha gauni nikakuta nina mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kilichobaki hakikutosha hata mkono mmoja. Ikabidi niende Busia kutafuta kingine cha maua yale yale, nikakipata duka la nne, na pamoja na nauli nilitoka na shilingi 2,600 zangu. Miaka kumi na mitatu nashona. Kosa hilo sikulifanya hata nilipokuwa najifunza.

Lakini la kitenge lina dawa, pesa hulipwa. Lililoniumiza ni la binti yangu. Yuko gredi ya tatu. Jioni moja napiga pasi, akaja akasimama kando yangu akawa ananieleza jambo, na mimi "mmh, mmh." Kesho yake jirani yangu muuza omena akanipongeza: kumbe mtoto amechaguliwa kukariri shairi siku ya wazazi. Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Nilikuambia, mama. Ulikuwa kwa simu." Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningekuwa nimeshasahau.

Sasa mtaniambia niizime. Wateja wananitumia picha za mishono kwa WhatsApp, vipimo vinakuja huko huko, na malipo yanaingia M-Pesa kwenye simu hiyo hiyo. Nikiizima nusu siku, mteja anaenda kwa fundi mwingine, na mafundi Kibuye si wachache. Nikiiwasha niangalie kola moja tu, nazinduka dakika arobaini zimekwenda, natazama watu nisiowajua wakipika. Niliingia kwenye mipangilio ambapo simu yenyewe inahesabu. Jumanne ile nilikaa nayo muda wa saa sita na dakika 20, na nimeifungua mara 143. Huo ni muda wa sketi nne za shule.

Usiku nako ni vivyo hivyo. Nalala nayo mkononi. Hiyo ilianza 2022 mama alipolazwa, na haijaisha. Nikishtuka saa tisa usiku, mkono unaiangalia kabla macho hayajafunguka vizuri.

Nataka kusikia kutoka kwa mtu ambaye riziki yake pia iko ndani ya simu. Wa kuniambia "jikaze tu" nimeshajiambia mwenyewe.

Muuza Viatu, Kondele

Dada, pole sana. Mimi nauza viatu vya mitumba na wateja wangu nusu wako WhatsApp, kwa hivyo naelewa.

Nilichofanya ni kununua kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Laini ya M-Pesa nikaitoa kwenye simu kubwa nikaitia huko. Pesa ikiingia, meseji inaingia. Kutuma, kutoa, kulipa, yote yako kwenye menyu ya laini, hayahitaji intaneti. WhatsApp ikabaki kwenye simu kubwa na namba ile ile, kwa sababu ukishaisajili haidai laini iendelee kukaa ndani. Siku ikitaka kuthibitisha namba, tarakimu zinaingia kwa kabambe, unaziandika, basi. Simu kubwa nimeipa laini nyingine ya bando pekee.

Na bando la mwezi nimeacha. Nanunua la saa moja, asubuhi moja na jioni moja. Nikiwa na bando la mwezi nilikuwa kama mtu anayeishi ndani ya hoteli, kila saa nimekaa mezani.

Wateja niliwaandikia kwenye status: "Picha naziona saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ukiwa na haraka, piga." Nilidhani nitawapoteza. Wenye haraka walipiga. Wengi hawakuwa na haraka, ni mimi nilikuwa nayo.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya, sitakudanganya. Nilikuwa nasimama kibandani mikono haijui iende wapi. Siku ya nne nilipanga viatu vyote kwa saizi, kazi niliyoiahirisha tangu Januari.

Msomaji wa Kakamega

Weka skrini iwe nyeusi na nyeupe. Video zote zinakosa ladha, utaiacha mwenyewe.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Ndugu wa Kakamega, asante, lakini kitenge chekundu na cha kijani vyote vitanijia kijivu, na mteja ananitumia picha ili nione rangi. Hiyo haiwezi kwangu.

Ndugu wa Kondele, hilo la laini sikulijua kabisa. Nilidhani namba na WhatsApp lazima vilale pamoja. Nitajaribu.

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Binti yangu, nimekusoma mara mbili. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, na jambo la mtoto kusema bila hasira nimeliona darasani mara nyingi. Mtoto akishaacha kukasirika, amezoea. Wako bado anakuja kusimama kando ya pasi, kwa hivyo hujachelewa.

Nataka nikuonyeshe kitu kimoja kuhusu hiyo simu, kwa sababu unajilaumu kama mtu aliyekosa nguvu ya moyo. Zamani nilikuwa nikinunua Taifa Leo pale stendi ya Luanda. Nikilisoma, lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Nikifika hapo nalikunja, nainuka. Taarifa ya habari ya redio nayo ilianza, ikaisha, mtangazaji akaaga. Hata barua ilikuwa na "wako mpendwa" chini. Mwisho ndio uliokuwa ukituinua kwenye kiti, si nidhamu yetu. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni namna ya ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unaposhuka, ili mtu asihitaji kubonyeza "ukurasa unaofuata". Alitaka kurahisisha tu. Baadaye yeye mwenyewe alijitokeza hadharani akasema anajuta, alipoona ulivyotumika. Kwa hivyo unapozinduka dakika arobaini zimekwenda, ni kwa sababu pale ulipotakiwa kuinuka pameondolewa.

Jambo la pili ni njiwa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwafungia njiwa ndani ya sanduku lenye kitufe cha kudonoa. Njiwa aliyepata punje bila kujua ni donoo la ngapi litakaloleta, alidonoa na kudonoa, na hata punje zilipokatwa hakukata tamaa upesi. Grupu yako ya chama ni sanduku hilo. Meseji ishirini ni za mbuzi na tuktuk, ya ishirini na moja ni oda ya sare kumi. Ungejua ni ipi, ungefungua hiyo moja tu.

Sasa swali langu kwako, na unijibu kama fundi: katika kazi yako, ni kitu gani kinachoisha chenyewe, mara kadhaa kwa siku, hata usipotaka?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Mwalimu, nimekaa na swali lako tangu mchana. Ni bobini. Uzi wa chini ukiisha, cherehani inaendelea kupiga lakini haishoni, lazima usimame uijaze upya. Kwa sare za shule bobini moja inanipeleka karibu sketi tatu.

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Basi umeshajijibu. Simu ikae kwenye droo, uiangalie bobini inapoisha, na ukimaliza kujaza bobini, uirudishe. Usihesabu dakika. Hesabu bobini.

Nesi wa Usiku, Nakuru

Habari dada. Wenzangu wamekushauri vizuri kuhusu mchana. Mimi nataka kurudi kwenye mistari michache uliyoandika kisha ukaipita haraka, ya usiku na ya mama.

Nimefanya zamu za usiku miaka tisa, wodi ya watu wazima. Ndugu za wagonjwa nawafahamu. Wanalala na simu juu ya kifua, sauti juu kabisa, na ikilia kwa sababu ya tangazo la bando wanaruka kama wamechomwa. Hukusema kama mama alipona. Kwa vile ulivyoandika nadhani hakupona, na kama nimekosea unisamehe sana.

Sisi zamu ikiisha tunakabidhiana. Naandika ripoti, nampitisha mwenzangu kitanda kwa kitanda, yeye anapokea, mimi natoka. Nikitoka bila kukabidhi, nafika nyumbani mwili umelala kitandani lakini masikio yako wodini. Naona wewe hakuna aliyekupokea zamu. Simu uliyokuwa ukiingoja ilishapigwa, dada, na mkono wako bado unaingoja kila saa tisa usiku. Hilo haliponi kwa kufuta programu.

Nikuambie nilivyofanya mimi baada ya baba, kwa sababu nilikuwa vivyo hivyo. Nilinunua saa ya mezani yenye kengele hapa mjini, nikaacha kisingizio cha kwamba simu ndiyo inayoniamsha. Chaja nikaipeleka jikoni. Kisha nikaenda kwenye mipangilio ya kunyamazisha simu, ambapo unaweza kuchagua namba chache ambazo zikipiga zitalia hata kama mengine yote yamenyamaza. Nikaweka tano. Hiyo ndiyo iliyonipa usingizi, kuliko yote. Ukijua kwamba wa muhimu akipiga utasikia hata kutoka jikoni, mwili unakubali kuachia. Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili nililala nikaamka mara mbili. Utahisi inatetemeka mfukoni ilhali haimo hata mfukoni, usiogope, hiyo huwapata wengi na hupungua.

Na kabla hujaipeleka jikoni usiku wa kwanza, keti na mtu aliyemjua mama, umweleze siku zile za hospitali zilivyokuwa, kuanzia mwanzo. Dada yako, shangazi, yeyote. Mkabidhi. Ukiona baada ya wiki kadhaa usingizi bado haurudi, au huzuni inakuzuia kula na kufanya kazi, nenda kituo cha afya ukaongee na mhudumu. Hilo ni tatizo la kiafya kama mengine na usilibebe peke yako.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilitaka kuwajibu mapema lakini nimejizuia, mtaelewa kwa nini.

Kabambe ninayo. Laini nilihamisha kama alivyosema ndugu wa Kondele, na ilikubali mara ya kwanza. Ila bando la saa moja halikunitosha siku za kufungua shule, kwa hivyo wiki hiyo nilinunua la siku nzima, na nililipa: Jumamosi nilikaa kwenye video mpaka saa nane usiku. Nawaambia ukweli msije mkadhani yote yamenyooka. Wateja wawili walilalamika kwamba sijibu. Mmoja alihama. Mwingine alipiga simu, tukaongea dakika mbili, tukamaliza kuhusu kola jambo ambalo kwa meseji lingechukua mchana kutwa.

Bobini inafanya kazi, Mwalimu. Mwanzoni nilijikuta najaza uzi nusu ili uishe haraka. Nilipogundua, nilisimama nikacheka, kisha nikaona aibu, kisha nikaijaza mpaka ukingoni. Siku hizi zinapita bobini mbili sijakumbuka droo. Nilichokuwa nimesahau ni sauti ya cherehani. Ukiisikiliza unajua uzi umekaza kabla haujakatika. Nilikuwa nimeacha kuisikia, nikawa nakata uzi mara kumi kwa siku nikidhani uzi wa siku hizi ni mbovu.

Binti yangu anajifunzia shairi kibandani jioni. Lina beti sita. Ubeti wa nne unamponyoka kila mara, kwa hivyo na mimi nimeushika, nikimwona amekwama namwanzia neno la kwanza. Siku ya wazazi ni Ijumaa ijayo.

Dada Nesi, hukukosea. Mama alifariki Machi 2022, na simu ilinipata saa tisa na dakika kumi usiku. Nilienda Siaya kwa shangazi, mdogo wake mama, tukakaa jikoni kwake tangu chai ya saa kumi mpaka jogoo wakawika. Nilimweleza yote, hata yale niliyokuwa sijamwambia mume wangu. Hakunipa ushauri wowote. Alikuwa anauliza tu, "Halafu?"

Sasa naamka bado, lakini si kila usiku. Simu iko jikoni juu ya kabati la vyombo. Namba tano nimeweka kama ulivyosema: ya mume wangu, ambaye kazi yake iko Eldoret, ya mwalimu wa mtoto, ya kaka yangu, ya shangazi. Ya tano ni ya mama. Najua laini yenyewe pengine imeshapewa mtu mwingine. Nimejaribu kuitoa mara mbili, kidole kikakataa. Niambie kama niiache.