Kupanga chumba na sebule Makole au Kisasa kwa mtu anayetembea kwa miguu

Mgeni wa Jiji ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, na ofisi yangu iko karibu na Nyerere Square, si Mtumba walikohamia wenzangu wengi. Ninaishi peke yangu, sina gari, na ninatafuta chumba kimoja cha kulala chenye sebule, jiko na choo cha ndani, mahali ambapo nitaweza kwenda kazini, sokoni na hospitali kwa miguu. Dalali amenionyesha nyumba mbili: ya kwanza iko Makole, karibu na katikati ya mji, kwa shilingi 280,000 kwa mwezi, na ya pili, iliyo mpya na yenye nafasi zaidi, iko Kisasa, mbali zaidi na ofisi, kwa shilingi 200,000. Wenye nyumba wote wawili wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Je, ile tofauti ya 80,000 ina maana, au nitakuwa ninalipia jina la mtaa?

Mkazi wa Majengo:

Karibu Dodoma. Anza na hesabu ya nauli. Kwa siku 22 za kazi utakuwa na safari 44, na ukigawa 80,000 kwa safari hizo utapata takriban shilingi 1,800 kwa kila moja. Daladala haifiki bei hiyo, kwa hiyo ukiwa mtu wa daladala asubuhi na jioni, Kisasa inaishinda Makole kwa unafuu bila ubishi. Hata hivyo, siku utakayotoka ofisini saa mbili usiku na kukodi bajaji, au Jumamosi utakayotoka Soko la Majengo na mchele, mkaa na mboga mikononi, hesabu hiyo inaanza kuyumba. Mimi nilikaa mbali mwaka mzima nikijisifu kwamba ninalipa kodi ndogo, kumbe bajaji ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu wa pili.

Kabla hujalipa, itembee njia yenyewe kutoka mlangoni hadi ofisini saa saba mchana, jua likiwa utosini, kisha uirudie baada ya magharibi uone kama taa zinawaka. Njia yenye miarobaini na njia isiyo na kivuli zinaweza kuwa na urefu mmoja, lakini miguu haitakubaliana nawe.

Mama Birika:

Mimi nitasemea maji na umeme, kwa sababu ndivyo vilivyonihamisha nyumba mara mbili. Ukifika Makole, ingia jikoni ufungue bomba mwenyewe, usikubali kuambiwa tu kwamba maji yapo. Mimi nilifungua nikasikia upepo ukikohoa ndani ya bomba, na dalali akacheka akasema leo ni siku ya mgao. Uliza kama kuna simtanki, la lita ngapi, na linahudumia wapangaji wangapi. Tazama pia birika la jirani: maji yetu ya visima huacha ukoko mweupe, na ukoko huohuo huziba bomba la kuogea.

Kuhusu LUKU, sisitiza uwe na mita yako. Mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi hununua umeme kwa bei nafuu, lakini mkiwa wapangaji watatu kwenye mita moja mtavuka kiwango hicho haraka, na wewe mwenye taa mbili na pasi utajikuta ukichangia friji ya mwenzako.

Mpangaji wa Zamani:

Nakubaliana na waliotangulia. Ninaongeza kwamba ada ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, huongezeka pamoja na kodi, kwa hiyo Makole itakugharimu 80,000 nyingine siku ya kwanza. Omba kulipa miezi mitatu. Usipokubaliwa, mkataba utaje muda wa notisi na nani atatengeneza kitu kikiharibika, na usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Jitahidi umalize kabla ya Aprili, kwa maana Bunge la bajeti likianza wageni hujaa mjini na wenye nyumba huwa wagumu kupunguza hata senti.

Mgeni wa Jiji:

Nawashukuru sana. Nimerudi Makole leo: maji yalitoka, lakini mita ni moja kwa nyumba nzima. Mwenye nyumba amekubali kuniwekea mita ndogo ya kupimia matumizi yangu. Mama Birika, hiyo inatosha?

Mama Birika:

Itakuonyesha ulichotumia, lakini bei ya uniti itabaki ya mita kubwa. Mwombe apunguze kodi ifike 260,000.