Mnaoigiza Kichuga (Kiswahili cha mtaani cha Arusha) TikTok mmetuchosha, na sasa mmetuharibia mpaka madogo wetu

Wakuu, leo povu linanitoka, mnivumilie.

Hivi nani aliwaambia mtu wa Arusha akiongea lazima akoromee, atoe macho na kila neno la pili liwe "chalii"? Nikifungua TikTok naletewa jamaa yuko Dar kabisa, minazi inaonekana nyuma yake, kavaa boshori kwenye joto lile, eti "anaongea Kichuga". Watu chini huko wanajigaragaza kwa kicheko.

Wangeishia hukohuko nisingeandika. Nina duka la vipuri vya pikipiki maeneo ya Mianzini, hapa Arusha. Madogo wa boda wanaopaki mbele ya duka, wazaliwa wa hapahapa, siku hizi wanaongea kama yule jamaa wa minazi! Juzi mmoja, mama yake namfahamu vizuri tu, kaja kununua plagi, akaanza kuvuta: "Oyaaa chalii yanguuu..." Nikamuuliza, we dogo, hiyo sauti umeitoa wapi? Kacheka. "Bro mkubwa, si ndiyo Kichuga hiki." Ananifundisha mimi Kichuga, mimi niliyekulia Ngarenaro!

Zamani neno lilikuwa linasota. Linaingia na magari ya Namanga kutoka Nairobi, makonda wa vifodi (daladala za hapa) wanalidaka, likifika mtaa wa Unga Limited limeshageuzwa. Wana hip hop ndio wanalitia kwenye mistari: X Plastaz walitoka hapahapa Arusha miaka ya 1990, baadaye wakaja Nako 2 Nako (hiyo Nako ni Ngarenaro hiyohiyo), na akina Joh Makini. Hapo ndipo mtu wa Mwanza analisikia. Neno bovu lilifia Kaloleni, hakuna aliyelilia. Sasa TikTok yenyewe inaangalia zaidi kama umetazama mpaka mwisho au umeruka. Anayetia chumvi ndiye anayesukumwa mbele, anayeongea kama watu wanavyoongea hapa hamumwoni kabisa.

Watoto wa shule ndiyo usiseme. Wangu yuko la tano, kutwa "siksi seven" (6-7) huku anapandisha na kushusha viganja. Kitu kimetoka kwenye rap ya Marekani, mwaka 2025 Dictionary.com wakakifanya neno la mwaka, na ukimuuliza maana yake anakutolea macho. Hiyo nimeiacha, itapita yenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kurekodiwa. Watu wanashuka stendi simu ziko hewani, wanamchokoza konda makusudi ili ajibu, wanaposti. Kuna kijana tunayefahamiana alirekodiwa akibishana na abiria kuhusu nauli. Wakaiwekea muziki na vikatuni vya kucheka. Baadaye kaenda kuomba kazi ya udereva kwa watu wa utalii, anayemsaili akamgeuzia simu: "Huyu si wewe?" Kazi ikaishia hapo. Kijana wa watu hakuwa anaigiza chochote, alikuwa anadai nauli yake ambayo abiria alikuwa hataki kulipa, na huyo abiria wala sura yake haionekani kwenye video.

Najua atatokea mmoja hapa aandike "acheni ushamba, hiyo ni kontenti tu". Wewe anza kwa kutuwekea video ya mama yako akigombea chenji sokoni, tuiwekee muziki.

Nawasilisha.