Wanafunzi watatu wa fildi, wiki nane, droo za meno ya kale: niwape utafiti gani?

Mlinzi wa Droo:

Habarini wakuu, hasa mlioko kwenye makumbusho na idara za akiolojia na jiolojia.

Mwezi wa saba napokea wanafunzi watatu wa mwaka wa pili kwa mafunzo ya vitendo ya wiki nane kwenye ghala la visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe). Chuo kinataka kila mmoja arudi na ripoti ya utafiti wake, siyo ya kikundi. Sitaki wamalize fildi wakiwa wamepangusa vumbi na kubandika lebo tu. Nataka kila mmoja awe na swali lake, alijibu kwa visukuku alivyovishika mwenyewe, na jibu liwe la kuaminika kiasi cha kuingia kwenye kumbukumbu za mkusanyo.

Vilivyopo: droo zipatazo 40 za meno na mataya ya jamii ya swala, nyumbu na nyati wa Plaistosini (kipindi cha kale kilichoisha miaka 11,700 hivi iliyopita), nyingi zina namba na eneo. Droo sita za mifupa ya miguu. Darubini moja ya macho mawili, kalipa mbili za dijitali (vifaa vya kupimia urefu na upana), lenzi za mkono za mara 10, kamera na stendi yake. Pia masanduku kadhaa ya vipande ambavyo bado vimeng'ang'ania mwamba. Skana ya CT hatuna.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Swali gani linabebeka kwa wiki nane kwa mtu ambaye hajawahi kushika kisukuku? Na ni lini nimruhusu kusafisha au kuunganisha vipande bila kuhatarisha mkusanyo?

Gego la Pili:

Mkuu, swali litoke kwenye droo, lisitoke kwenye makala. Kabla hawajafika, hesabu una magego mangapi ya juu ambayo bado yamo ndani ya taya. Hiyo namba ndiyo itakayokuambia nini kinawezekana. Mwanafunzi akianza na "mabadiliko ya tabianchi ya Plaistosini" wiki ya tano itamkuta bado anasoma.

Wa kwanza mpe uchakavu wa vilele vya meno, njia iliyochapishwa na Mikael Fortelius na Nikos Solounias mwaka 2000. Inataka lenzi ya mkono na mwanga mzuri, basi. Anatazama gego la pili la juu kutokea upande wa shavu na kuandika vitu viwili: vilele vimeinuka sana au kidogo juu ya bonde lililo kati yao, na kilele kina ncha kali, kimeviringika au ni butu. Katika vilele viwili, umbo huandikwa la kile chenye ncha kali zaidi. Mnyama anayekula majani ya miti meno yake husagana yenyewe kwa yenyewe, hivyo vilele hubaki virefu na vikali. Mla nyasi hutafuna silika (chembe ngumu za madini zilizomo kwenye nyasi) na mchanga siku nzima, vilele hushuka na kupoteza ncha. Kama mna mafuvu ya wanyama wa leo, aanze na nyumbu, swala pala na tandala, maana chakula chao kinajulikana. Jicho likishakubaliana na wanyama hao ndipo aguse vya kale.

Makosa ya kutarajia hapo ni matatu. Meno machanga ambayo hayajaanza kulika, na ya wazee yaliyokwisha hadi karibu na mizizi, yote yatoke kwenye hesabu, yakibaki yanampotosha. La pili, gego la kwanza na la pili yakishatoka kwenye taya hufanana mno, ndiyo maana nimesema uhesabu yaliyo ndani ya taya. La tatu ndilo baya zaidi: kilele kilichovunjika baada ya mnyama kufa huandikwa "butu". Chini ya darubini tofauti inaonekana wazi. Uso uliochakaa kwa kutafuna ni laini na unang'aa, uliovunjika una kingo kali na unaparuza. Kwa kila jamii ya mnyama atafute meno 20. Chini ya 10 asitoe hitimisho lolote.

Wa pili mpe ukubwa wa meno na utambuzi wa jamii. Nyati, kuro na tohe, palahala na choroa wana kinguzo kidogo kati ya sehemu mbili za gego. Nyumbu na kongoni kwa kawaida hawana. Tohe na kuro pia wana mkunjo wa enameli (tabaka gumu la nje la jino) mbele ya magego ya chini. Atambue kwanza, apime baadaye. Na urefu wa jino, yaani mbele hadi nyuma, apime chini, karibu na shingo (taji la jino linapokutana na mzizi), asipime kwenye uso wa kutafunia. Gego la nyumbu hupungua urefu kadiri linavyolika, kwa hiyo mzee na kijana wa aina moja wataonekana aina mbili.

Wa tatu mpeleke kwenye ile mifupa ya miguu, atumie ngazi za kuchakaa kwa hali ya hewa za Anna Behrensmeyer, 0 hadi 5, zilizotokana na mifupa ya Amboseli na kuchapishwa 1978. Swali lake: mifupa ya droo hizi ilikaa juani kwa kiwango kimoja kabla ya kufukiwa, au imechanganyika? Ngazi 0 haina nyufa, 1 ina nyufa zinazofuata urefu wa mfupa, 2 tabaka la nje limeanza kubanduka, na kuendelea hadi 5 ambapo mfupa unasambaratika mahali ulipo. Kila mfupa aupe ngazi ya sehemu iliyochakaa zaidi yenye upana wa angalau sentimita moja ya mraba, asichague sehemu nzuri.

Bi Kumbukumbu:

Naungana na hapo juu, niongeze upande wa taarifa, maana huko ndiko kazi za wanafunzi hufia.

Namba ya kisukuku inakiliwa kama ilivyoandikwa, pamoja na herufi, kistari na nafasi. KNM-WT 15000 siyo "WT15000". Zile herufi zinasema kitu: KNM ni makumbusho ya Kenya, WT ni Turkana Magharibi. Akizikata, mtu wa miaka kumi ijayo hataweza kuunganisha kipimo na kisukuku. Kwenye programu ya jedwali, safu ya namba iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote, la sivyo 067 inageuka 67 na 1-2 inageuka tarehe, kimyakimya.

Lebo ya zamani haisahihishwi wala kutupwa, hata kama jina la mnyama limeandikwa vibaya. Utambuzi mpya unaandikwa kwenye karatasi nyingine yenye jina la aliyetambua na tarehe, zote mbili zinakaa pamoja. Kinachotoka kwenye droo kinaacha kadi mahali pake: namba, nani amechukua, lini, kiko meza gani. Mezani trei moja kwa wakati mmoja. Trei mbili zenye lebo zisizofungwa zikikaa sambamba, lebo hubadilishana, na jino lililopoteza eneo lake limepoteza karibu thamani yote ya kisayansi.

Wiki yote ya kwanza wasipime chochote. Wafanye kazi hii tu: kila mmoja apewe droo mbili, aoanishe kila kipande na daftari la usajili, aandike yasiyolingana. Wanajifunza mkusanyo, na wewe unapata orodha ya makosa ambayo pengine haijawahi kufanywa.

Patasi Ndogo:

Kuhusu kusafisha: mimi naona waanze mapema, wiki ya pili. Mwanafunzi asiyetoa kisukuku kwenye mwamba haelewi anachokipima. Wape vipande visivyo na namba.

Asetoni:

Hapo kwa wiki ya pili sikubaliani, Patasi. Waanze, ndiyo, lakini kwenye mwamba mtupu. Kazi ya kwanza iwe kipande cha mwamba wa aina ileile kisicho na mfupa ndani, na sindano iliyobanwa kwenye mpini. Achore mstari wa milimita 2 kwa kina bila kuteleza, akiwa ametuliza kiwiko na kiganja mezani, darubini ikiwa mara 10. Wanaoanza husukuma sindano kuelekea mfupa. Nguvu yote inatakiwa ielekee pembeni au itoke kwenye mfupa, ili ikiteleza iishie kwenye mwamba. Na wavae barakoa ya N95, vumbi la mwamba lina silika inayodhuru mapafu.

Mlinzi, kabla ya hayo yote fundisha kubeba. Meza iwe na sifongo ya sentimita 5. Mikono miwili, kisukuku kimoja, hakuna kutembea nacho mkononi; kinasafiri ndani ya trei. Fuvu halishikwi kwa tao la shavu wala kwa kuingiza kidole kwenye tundu la jicho. Kalipa za chuma hukwaruza enameli, bandika utepe mwembamba kwenye ncha kisha rudisha sifuri upya na utepe ukiwa umebandikwa.

Kuunganisha: tumieni Paraloid B-72 (plastiki ya akriliki) iliyoyeyushwa kwenye asetoni (kiyeyusho kinachokauka haraka). Kuimarisha mfupa unaomomonyoka, gramu 5 kwa mililita 100. Gundi ya kuungia, gramu 50 kwa mililita 50. Supa gluu ipigwe marufuku kwa wanafunzi, kuiondoa ni kazi ngumu na kipande kikikaa vibaya ndiyo basi. Pande mbili zisafishwe kwa brashi kavu, zijaribiwe bila gundi kwanza, halafu paka upande mmoja tu, bana, toa, subiri nusu dakika, bana tena. Kuachia hivyo kunatoa asetoni. Ukibana moja kwa moja mapovu yanabaki ndani na ungo (mahali vipande vilipoungana) unakuwa dhaifu. Kipande kitulie kwenye trei ya mchanga uliofunikwa plastiki, mpasuko ukiwa mlalo ili uzito wenyewe ukandamize ungo. Glavu za naitrili hupenywa na asetoni ndani ya dakika chache, zikilowa zibadilishwe papo hapo. Madirisha wazi, hakuna jiko wala sigara karibu.

Mlinzi wa Droo:

Asanteni sana, mmenipa kazi ya maana. Nina maswali mawili. Nitajuaje mkono wa mwanafunzi umeshaaminika? Na ghala letu lina paa la bati, mchana joto linapanda sana, tena tuko pwani. Ile B-72 itavumilia?

Gego la Pili:

La mkono: mpe meno 10, ayapime mara tatu kwa siku tatu tofauti, kwa mpangilio uliochanganywa, bila kuona karatasi ya jana. Tuseme jino moja limetoa milimita 18.42, 18.61 na 18.37. Wastani ni 18.47, tofauti ya kubwa na ndogo ni 0.24, yaani asilimia 1.3. Chini ya asilimia 2 mimi napitisha. Ikizidi, usimwambie "kuwa makini". Kaa naye, mwangalie ncha za kalipa zinagusa wapi. Mara nyingi tatizo ni kwamba hamjakubaliana shingo ya jino inaanzia wapi, hivyo andikeni fasili ya kipimo kwa sentensi moja na mchoro, kisha arudie.

Halafu wote watatu wapime meno 10 yaleyale, na wewe pia. Ukiona mmoja yuko juu ya wenzake kwa kiasi kilekile kila jino, angalia kalipa yake kwanza: sifuri imehama au utepe umekunjamana. Ukiona anapanda na kushuka bila mpangilio, hapo ni mkono.

Kwa ngazi za kuchakaa na vilele, wape vipande 30, kila mmoja atoe alama peke yake. Wakikubaliana chini ya 24 kati ya 30, wekeni mezani vile vilivyowagawa tu, mjadili, andikeni upya maelezo, kisha rudieni kwa vipande 30 vingine. Matokeo ya majaribio haya yaingie kwenye ripoti ya kila mmoja kama sehemu kamili yenye jedwali. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kusoma.

Asetoni:

La joto ni swali muhimu sana. B-72 huanza kulainika kwenye nyuzi 40 hivi, na chini ya bati mchana mnaweza kufika huko. Ungo wa taya zito utateleza polepole bila mtu kugundua. Weka kipimajoto juu ya kabati la juu kabisa kwa wiki mbili kabla hawajafika. Kikisoma 38 au zaidi, vilivyounganishwa vikae droo za chini, vikiegemea sifongo iliyochongwa kwa umbo lake ili ungo usibebe uzito. Au tumia Paraloid B-44, inavumilia hadi karibu 60, ingawa ni ngumu zaidi na haipendi kupinda.

Unyevu wa pwani utakuletea weupe kama ukungu juu ya gundi. Asetoni ikiruka haraka inapoza uso, mvuke wa hewa unaganda hapo. Fanyeni kazi ya gundi siku na saa ambayo hewa ni kavu, na weupe ukitokea, brashi yenye asetoni kidogo inaufuta.

Bi Kumbukumbu:

Jambo moja Mlinzi hukuliuliza lakini litakuja: majina. Fungua safu ya "aliyepima" kwenye jedwali tangu siku ya kwanza, jina kamili, kila mstari. Makubaliano ya nani atatajwa kwenye chapisho yaandikwe wiki ya kwanza, data ikiwa bado haijawa na thamani. Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba visukuku vya dinosau 1909 hadi 1913 kwa mikono ya mamia ya watu wa pale, na mwaka 2019, zaidi ya karne moja baadaye, dinosau mmoja akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji hao.

Na kazi ya droo siyo ndogo, waambie. Simbakubwa, mla nyama mkubwa wa kale wa Kenya aliyetangazwa 2019, alitambuliwa kutoka kwenye droo ya makumbusho Nairobi, miongo kadhaa baada ya kuchimbwa.

Wiki ya nane usiipangie utafiti. Siku tatu za mwanzo ni kurudisha kila kipande, kuondoa kadi moja baada ya nyingine hadi ziishe, na kukagua kwa daftari. Siku mbili za mwisho kila mmoja awasilishe kwa dakika 15 mbele ya wafanyakazi wote wa ghala, wakiwemo walinzi na mafundi, trei yake ikiwa mezani.

Mlinzi wa Droo:

Nimeshahesabu leo jioni. Magego ya pili ya juu yaliyo ndani ya taya: nyumbu na kongoni 31, kuro na tohe 22, tandala 7. Kwa hiyo tandala nitamwambia asiwaweke kwenye hitimisho. Kipimajoto kinapanda juu ya kabati kesho asubuhi.