Mjadala: Intani afundishwe kuvumilia, au apangiwe zamu upya?

Intani, Mashariki ya Uganda (mwanzisha mjadala)

Juzi maintani wote, yaani madaktari wa mafunzo, tuliitwa ukumbini kufundishwa namna ya kukabili msongo wa mawazo. Mwezeshaji, mama mmoja mpole, alikuja na projekta yake, akatuambia tuvute pumzi tukihesabu hadi nne, tuizuie, tuiachie polepole. Kabla hajafika slaidi ya tatu wenzangu wawili walishasinzia na mmoja alikuwa anakoroma. Yule mama akatabasamu: "Mnaona? Mwili umeanza kutulia."

Aliyekuwa anakoroma alikuwa na saa 30 hajagusa kitanda.

Mimi niliingia leba Jumapili saa mbili asubuhi, na semina ilikuwa Jumatatu saa nane mchana. Katikati hapo tulipasua akina mama sita. Nilipomaliza kumshona wa sita nikavua glovu, nikaona damu kidoleni, na ilikuwa yangu. Sindano ilinichoma saa ngapi, sijui mpaka leo. Dawa za kuzuia VVU nimeanza, siku zake ni 28, zinanichafua tumbo lakini nitazimaliza. Kinachoniamsha usiku ni kwamba nilichomwa na sikuhisi. Ikiwa sikuhisi sindano kwenye kidole changu mwenyewe, ndani ya tumbo la yule mama kuna nini kingine ambacho sikukihisi?

Kwa wasioijua kazi hii: hapa Uganda udaktari ni miaka mitano ya chuo, halafu mwaka mmoja wa intani unaozunguka wodi nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi. Bila mwaka huo Baraza la Madaktari halikupi usajili kamili. Kila wodi ina sahihi ya bosi kwenye kitabu chako cha mafunzo. Asipotia sahihi, unarudia. Ndiyo maana hamsikii tukilalamika, kwa sababu wa kumlalamikia ndiye mwenye kalamu.

Posho sitaki tuijadili leo. Najua historia yake: mgomo wa Novemba 2021, shilingi milioni 2.5 kwa mwezi iliyoahidiwa, posho ikapanda, kisha 2023 ikashushwa hadi milioni 1. Kila tukianza na posho, mjadala wote unaishia huko na zamu zinabaki vilevile.

Nasema hivi. Watafiti wa Australia walipima jambo hili mwaka 1997 wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 24 anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.10 katika damu. Kiwango cha mwisho barabarani hapa kwetu ni 0.08. Polisi wa kawunyemu, wale wanaopima madereva walevi, wangekuwa wanapima na usingizi, usukani wangeninyang'anya, lakini kisu cha upasuaji nimeachiwa. Msongo wa intani umeandikwa kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani. Kumfundisha kupumua ni kumpa mtu anayezama maji masomo ya kuogelea kwa projekta. Asiyekubali aseme.

Daktari mstaafu, Jinja

Mwanangu, pole kwa kidole. Maliza dawa zote, hata tumbo likigoma.

Sikubaliani nawe, au nusu yake sikubaliani. Mimi nilikuwa intani mwaka 1979. Amin ameanguka Aprili, mji una risasi usiku, maji hayapo, umeme unakuja unavyotaka, na wengi wa walimu wetu walishakimbia nchi. Hatukuwa na ratiba wala semina. Ulilala palipokushika. Tukatoka madaktari.

Na kuna kitu ambacho vijana wa zamu fupi hamtakipata. Tumbo la mgonjwa linakuwa laini saa mbili usiku, saa saba lina ugumu kidogo upande mmoja, saa kumi na moja alfajiri ni ubao. Aliyelishika mara zote tatu kwa mkono huohuo anajua jambo ambalo hakuna faili litakalomweleza mtu aliyeingia asubuhi akiwa amelala na kunywa chai. Ugonjwa hauendi kwa saa za ofisi. Mchuma juani hula kivulini.

Intani, Mashariki ya Uganda

Mzee, kivuli gani? Nitajibu la tumbo baadaye, hilo lina uzito. Ila nikuulize: mwaka 1979 bosi wako alilala wapi?

Daktari mstaafu, Jinja

Nyumba za hospitali, nyuma ya wodi. Unagonga dirisha, anatoka na kanzu ya kulalia. Jioni tulikula naye sufuria moja, matoke na maharage, na ukikosea anakutukana palepale mbele ya chakula, mkimaliza kula yameisha.

Naona unakoelekea.

Sista wa zamu ya usiku, Lira

Ngojeni, mimi nimewalea hawa watoto wa intani miaka kumi na minne, niwaambie wanavyojiokoa, kwa sababu wenyewe hawatasema.

Kuna anayejifungia stoo ya mashuka dakika kumi. Tunajua, tunamlindia mlango. Kuna wa sala ya saa kumi na moja, Waislamu na walokole wote, na kusema kweli hao huwa wanamaliza mwaka vizuri zaidi. Si kwa muujiza, wana watu wa kuwauliza Jumapili au Ijumaa "mbona umekonda?" Kuna wa mpira, akikosa mechi ya Jumamosi anakuwa mkali wiki nzima. Kuna wa kahawa na soda za kuchangamsha, moyo unamdunda mpaka anajipima presha mwenyewe kwa siri. Na kuna wa waragi, pombe kali ya hapa. Huyo huanza na kikombe cha kupata usingizi mchana, maana kulala jua likiwaka si rahisi, na ndani ya miezi mitatu anakuja zamu akitafuna pipi za mnanaa.

Lakini ninayemwogopa ni mwingine. Ni yule aliyekuja mpole, anamwita kila mgonjwa mama, baba, jajja (bibi au babu). Mwezi wa tano anaanza kusema "kitanda saba" na "kile kifafa cha pale dirishani." Mwezi wa nane anampigia kelele mama mwenye uchungu wa kuzaa. Watu wanasema ana dharau. Mimi namjua tangu siku ya kwanza, dharau hakuwa nayo. Roho imekauka. Na huyo hakuna anayempeleka kwa mshauri, kwa sababu halii. Anafanya kazi haraka, mabosi wanamsifu.

Sisi manesi zamu zetu zina mwisho. Hatulipwi vizuri, tuna wagonjwa wengi kuliko macho, lakini saa ikifika namkabidhi mwenzangu kitanda kwa kitanda naenda nyumbani. Sijasikia mtu akisema nesi aliyelala hajui uuguzi.

Mtanzania, nasomea ubingwa wa upasuaji, Magharibi ya Uganda

Shikamoo mzee wa Jinja. Sista, heshima yako.

Naomba nimpinge intani kwa upande mwingine. Kupunguza saa si dawa rahisi kama anavyodhani. Marekani walianza na kifo cha binti wa miaka 18 New York mwaka 1984, aliyehudumiwa na madaktari wa mafunzo waliokuwa na kazi nyingi usiku ule. Jimbo likaweka sheria mwaka 1989: saa 80 kwa wiki, zisizidi 24 mfululizo. Mwaka 2003 ikawa nchi nzima. Lakini mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa kwenye vyuo vyao vya upasuaji: hospitali zilizoruhusu zamu ndefu zaidi hazikuua wagonjwa wengi kuliko zilizobana. Kila zamu inapokatwa kuna makabidhiano, na kwenye makabidhiano ndipo mambo hudondoka. Hapo mzee ana hoja na lile tumbo lake.

Pili, saa siyo mzigo mzito kuliko yote. Mimi nalipa ada na huku nafanya kazi ya hospitali, haya, nilijua. Ambacho sikukijua ni hofu. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, maintani wa pale waligoma, walikuwa wanaingia wodini bila vifaa vya kujikinga. Mitandaoni watu wakawatukana eti waoga. Tarehe 1 Oktoba akafariki Fort Portal daktari Mtanzania mwenzetu aliyekuwa Uganda kusomea upasuaji, kama mimi. Mama yangu alinipigia kutoka Tabora akilia, nikamwambia niko mbali na huko. Sikuwa mbali. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Januari 2023 walikuwa wamekufa watu 55 waliothibitishwa, wahudumu wa afya wakiwemo.

Baada ya hapo nilikuwa nanawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Ratiba nzuri isingenisaidia. Kilichonisaidia ni bosi mmoja aliyetukusanya sita jikoni kwake akasema, "Mimi pia silali." Basi. Hakuna slaidi.

Mama wa intani, Arua

Nimesoma yote. Mimi si daktari, nauza vitenge. Wangu alikuwa ananipigia kila jioni, sasa ni ujumbe tu, "niko sawa mama." Tangu lini mtoto aliye sawa anaandika kwamba yuko sawa? Niulize nini ili aniambie?

Sista wa zamu ya usiku, Lira

Mama, usimuulize anaendeleaje. Muulize amekula nini leo na amelala saa ngapi. Hayo hawezi kuyadanganya vizuri. Na ukiweza panda basi uende, hata siku moja, umpikie.

Mwanasheria, Kampala

Neno moja tu kuhusu ushauri nasaha, maana mnausifu na kuuponda bila kutaja kizuizi chake. Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Intani aliyefika ukingoni anajua hilo. Na kwenye hospitali nyingi daktari wa akili ni mmoja, ndiye aliyemfundisha chuoni, ndiye anayekaa kikao cha kutathmini maintani. Amwambie nini? Kabla ya kuuliza kama ushauri unafaa, ulizeni unatolewa na nani, na faili linalala kabati gani.

Intani, Mashariki ya Uganda

Mwanasheria umenipiga mahali sikuwa nimepaona. Kweli, semina ile hata mtu angetaka kusema, mkurugenzi alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Mtanzania, pole sana. La hofu nakubali, nililisahau kwa sababu nafikiria uchovu tu. Lakini jaribio la Marekani usilihamishie hapa bila kulivua viatu. Kule "zamu ndefu" ni ndefu huku nyuma yake yupo mwenye kujibu simu. Mimi usiku ule wa akina mama sita nilimpigia simu daktari mwenye leseni anayenisimamia mara nne. Ya kwanza alipokea, akasema endelea. Tatu zilizofuata hazikuwa zinapatikana. Mzee wa Jinja alikuwa na dirisha la kugonga. Zamu yake ya 1979 na yangu zina urefu mmoja, lakini hazikuwa zamu moja.

Daktari mstaafu, Jinja

Hilo nimelikubali tangu uliponiuliza. Lakini nijibu la vitendo. Ukitaka intani aliyekesha aende nyumbani asubuhi, nani anabaki na wodi? Nchi haina madaktari.

Daktari mwenye leseni, asiye na ajira, Kampala

Mzee, kwa heshima zote, nchi ina madaktari. Mimi hapa. Nilimaliza intani, nikapata usajili kamili, na tangu hapo naokoteza zamu za kliniki, mwenye kliniki analipa kwa siku akitaka. Kwenye kundi letu la WhatsApp tuko wengi, tunatumiana matangazo ya kazi za Somalia na Sudan Kusini. Kinachokosekana ni nafasi ya ajira yenye bajeti ya mshahara. Intani ni rahisi: anakuja kila mwaka mpya, hawezi kukataa, akichoka mwaka umekwisha, analetwa mwingine. Kwa nini uniajiri mimi?

Ndiyo maana mimi naona nyote wawili mnakosea. Si uvumilivu, si ratiba. Ratiba unaipanga ukiwa na majina ya kuandika.

Intani, Mashariki ya Uganda

Hapana, majina yalipatikana mara moja, kwa hayohayo tuliyo nayo. Wodi ya watoto, bosi mmoja wa kike alitupanga wanne: wawili mchana, wawili usiku, usiku mmoja analala saa tatu halafu wanabadilishana. Makabidhiano saa mbili asubuhi mbele ya kitanda, siyo kwenye daftari, na aliyekuwa zamu ya usiku anaeleza kwa mdomo wake kila mtoto alivyobadilika. Hapo mzee tumbo lako linakabidhiwa, na mkono mpya unalishika yule wa zamani akiwa bado yupo. Saa nne kila aliyekesha anaondoka, na bosi mwenyewe alikuwa anasimama mlangoni kuhakikisha. Ilidumu wiki sita. Akaenda likizo ya uzazi, akaja msimamizi mwingine, akasema huu ni uvivu, karatasi ikabanduliwa ukutani.

Daktari mstaafu, Jinja

Wiki hizo sita wewe ulikuwaje?

Intani, Mashariki ya Uganda

Nilikuwa nawajua watoto kwa majina.

Sista wa zamu ya usiku, Lira

Na huyo aliyeibandua mmemwandikia? Wanne mkisaini pamoja hawezi kuwarudisha wote.

Intani, Mashariki ya Uganda

Sista, wodi ya watoto nimeimaliza, kitabu changu kiko mezani kwake wiki ya tatu sasa. Bado sahihi.