Cheti cha sekondari bila kukalia dawati la kawaida: tupeane uzoefu

MamaTitus: Jioni hii kwenye matatu ya Kayole nimeketi na mama wa rika langu. Mapajani ana seti ya jiometri na karatasi za zamani za Kemia, midomo inacheza, anakariri. Nikamuuliza mtoto wake yuko kidato gani. Akanijibu bila kuinua macho, "Mtoto ni mimi." Sikufungua mdomo tena mpaka Mtindwa. Sasa nyinyi mliopata cheti, au mkaingia chuo, kwa njia nyingine, mlifanyaje? Nina mdogo wangu aliachia Kidato cha Pili, anataka kurudi.

JiraniWaUmoja: Ngumbaru oyee! Elimu ya watu wazima, nipo.

Kasuku254: Akiwa na pesa afanye IGCSE, ule mtihani wa Cambridge wa Uingereza. Akiwa hana, aombe Mungu.

Binti_Kayole: Nilikuwa nimeapa sitaisimulia hii tena. Niliacha shule Kidato cha Tatu, mimba, mnajua mambo yalivyo. Mtoto alipoingia nasari nikajiandikisha masomo ya jioni katikati ya mji, ghorofa ya tatu, kinyozi upande huu, mitumba upande ule. Walimu walikuwa wazuri, siwezi kudanganya. Shida ilikuwa mwenye chuo. Januari tukamlipa mkononi pesa za usajili wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, risiti za kalamu. Ukimuuliza indeksi yako, namba ya mtahiniwa, "inakuja, mtandao uko chini." Agosti, inakuja. Oktoba, inakuja.

Siku ya Kiingereza karatasi ya kwanza nilifika kwenye kituo alichotutajia hata askari hajafika. Msimamizi akaita majina. Ukiitwa unapekuliwa, unaingia. Akamaliza kuita. Nje tukabaki kundi zima la chuo chetu, vitambulisho mkononi. Nikamsihi aangalie tena. Akapitisha kidole kwenye orodha jina kwa jina mpaka chini, akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na chochote, akairudisha. "Mama, hauko." Ndani wakaambiwa waanze kuandika.

Tulienda mpaka Mitihani House, South C, ofisi za KNEC, baraza la mitihani. Tukaelezwa kwa upole kwamba hakuna aliyetusajili, na usajili ulifungwa zamani. Kurudi mjini, mlango una kufuli mpya. Krismasi haijafika, pale panauzwa wigi.

JiraniWaUmoja: Wueh.

Kasuku254: Taja hicho chuo!

Karani_Mtaani: Usitaje dadangu, utajikuta kortini wewe badala yake.

Kasuku254: Ndiyo maana wezi hawapungui Nairobi hii. Kila mtu ni wakili.

MamaTitus: Pole sana jameni. Alishikwa?

Binti_Kayole: Ashikwe na nani? Mara ya mwisho nilimwona kwenye bango la kampeni, anataka udiwani. Anaahidi basari.

Kasuku254: 😂😂 Basari!

MwalimuMstaafu: Watoto wangu, tulieni. Binti, pole. Mtahiniwa wa kibinafsi hahitaji dalali. Anaenda ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, anaonyeshwa shule zinazopokea watahiniwa kama yeye, anasajiliwa hapo mwanzoni mwa mwaka. Chuo cha jioni kinaweza kukufundisha, lakini usajili ufuatilie mwenyewe.

Binti_Kayole: Ndivyo nilivyofanya mwaka uliofuata, Mwalimu. Nilisimama nyuma ya yule karani wa shule mpaka jina langu likatokea kwenye skrini, nikamwambia achapishe. Akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia simwamini hata mamangu mzazi. Nilipata C-, na hiyo ndiyo inayotakiwa kuingia diploma. Niko mwaka wa pili.

MamaTitus: Hongera mama! 👏

Karani_Mtaani: C- tu na makelele yote hayo?

JiraniWaUmoja: Wewe ulipata ngapi, bwana Karani? Tunangoja.

FundiKamukunji: Mimi sikurudi darasani kabisa. Nimechomelea mageti tangu nikiwa kijana, cheti sina, na kila tenda ya maana wanauliza karatasi. Rafiki akanipeleka NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, Industrial Area, nikafanya mtihani wa gredi ya tatu. Hakuna insha pale. Unapewa chuma, mchoro na vipimo. Mtahini anazunguka nyuma yako na rula, anagonga mshono kusikia kama uko mtupu ndani. Baadaye nikapanda gredi ya pili. Siku hizi kuna pia ule mpango wa kutambua ujuzi uliopata kazini, unasimamiwa na KNQA, mamlaka ya viwango vya vyeti. Unapeleka picha za kazi zako na barua za wateja, unapimwa, unapewa cheti cha kiwango chako.

Karani_Mtaani: Lakini hicho si cheti cha sekondari, fundi. Tusidanganye watu.

FundiKamukunji: Nani amesema ni cha sekondari? Ni ngazi. Ufundi ni kiwango cha 4, cheti cha 5, diploma cha 6, digrii cha 7. Unaingilia ulipo, unapanda. Wewe wa C+ mbona bado unatafuta kazi?

Karani_Mtaani: Umeanza matusi.

MwalimuMstaafu: Muungwana hujibu hoja. Hebu niwape ya zamani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa P3, daraja la chini la ualimu wa shule ya msingi. Mwishoni mwa miaka ya 60 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kikuu kishiriki, kilianzisha masomo ya posta pale Kikuyu, walimu kama yeye wafanye mtihani wa Kidato cha Pili na kupandishwa daraja. Vijitabu vilikuja kwa posta na masomo mengine yalirushwa redioni. Wakati wa kipindi, sisi watoto hatukuruhusiwa hata kukohoa. Betri za redio zilianikwa juani kwenye bati ili zipate nguvu ya kumalizia somo la Hesabu. Alipanda P2. Kwa hivyo mnaposema haya ni mambo mapya, mimi hucheka.

JiraniWaUmoja: Betri juani! Umenikumbusha shosho.

MamaWaMapacha: Wangu walisomea nyumbani, mtaala wa Cambridge, nikawasajili kupitia British Council pale Upper Hill. Misimu mikubwa ni Mei/Juni na Oktoba/Novemba, kwa hivyo si lazima ufanye masomo yote kwa mpigo. Mmoja alimaliza Hesabu na Kiingereza kwanza, sayansi akaziacha msimu uliofuata. Mwingine akaendelea na A Level, ngazi inayofuata IGCSE, na alama nzuri hapo vyuo vingi vya Marekani huzihesabu kama krediti za mwaka wa kwanza. Ukitaka chuo cha hapa, peleka vyeti KNEC walinganishe gredi, tena mapema.

Kasuku254: Mtihani wa watoto wanaokunywa juisi kwa mrija.

MamaWaMapacha: Njoo nikupe karatasi moja ya Fizikia, kisha tuongee kuhusu mrija.

Binti_Kayole: Na bei, mama?

MamaWaMapacha: Kila somo linalipiwa kivyake. Hapo ndipo unajua unapenda masomo mangapi.

Anko_Dallas: Huku Marekani mpwa wangu bado yuko sekondari na anafanya AP, masomo ya ngazi ya chuo kikuu. Mtihani ni Mei, alama ni 1 mpaka 5, na vyuo vingi hukubali kuanzia 3. Mwenzake anasoma baadhi ya masomo chuo cha jamii akiwa bado sekondari. Wakifika chuo kikuu, karo ya masomo kadhaa imeshaokolewa.

Kasuku254: Hapa angeambiwa aketi nyumbani angoje KUCCPS, wale wa kupanga wanafunzi vyuoni.

MamaTitus: Tunarudi kwa mdogo wangu sasa. Aanzie wapi?

Karani_Mtaani: Ngumbaru, kisha KCSE. Hakuna njia ya mkato.

FundiKamukunji: Ana mikono? Aje Kamukunji.

MwalimuMstaafu: Akichagua KCSE asikawie, darasa la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, linafanya 2027. Na asichukue masomo pungufu ya saba akidhani atapata gredi ya wastani, hatapata. Tangu 2023 wanahesabu Hesabu, lugha moja na matano bora, kwa hivyo aliyeogopa Kiingereza ana Kiswahili. Hesabu ndiyo haina pa kukimbilia.

Kasuku254: Mwalimu umeniua na hiyo ya Hesabu.

Binti_Kayole: MamaTitus, mwambie aje Jumamosi maktaba ya Buruburu, huwa tuko kikundi. Karatasi zangu za Kemia achukue zote. Ya praktiko sina, kuna mtu aliazima na hajarudisha, na yuko humu ndani anasoma.

JiraniWaUmoja: Nitaleta, nitaleta. Jumamosi saa ngapi? Matriki zinanitesa.